Chui Aliyefungwa Nira

Katika kichochoro chetu kila mtu ana mnyama wake, yule wa mwaka aliozaliwa kati ya kumi na wawili wanaopokezana miaka, na mnyama huyo ndiye anayebeba lawama. Mume wangu Sui akianza kusinzia kabla sahani hazijaondolewa mezani, simlaumu yeye. Alizaliwa mwaka wa Nguruwe, na Nguruwe ni mpole, ni mkarimu, na akishashiba dunia ikae inavyotaka. Mimi ni Jogoo. Wanasema Jogoo ni hodari wa kazi, hupenda kusema, hupenda kukosoa wenzake, na hakubali hata siku moja kwamba amekosea. Hilo la mwisho si kweli.

Shangazi Luan, wa nyumba inayotazamana na yangu, alikuwa Ng'ombe, na kwetu kuitwa Ng'ombe ni sifa kubwa. Alimuuguza mama mkwe wake mpaka akamzika, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Wakati wa kuvuna karanga alimaliza shamba lake, akaingia la jirani bila kuombwa. Wifi yake alikuja kila vuli na gunia tupu kuazima unga, akaondoka na gunia limejaa, na sijapata kuona unga ukirudi. Watoto wa kike waliojibizana na wakubwa waliambiwa wakamtazame Shangazi Luan wajifunze. Mimi nilimpenda, lakini nikiri kwamba kugombana naye hakukuwa na ladha. Unamrushia maneno kutwa nzima, yeye anakuuliza kama umekula.

Mumewe, Mzee Cong, ni Nyoka. Hutengeneza pampu za maji na kusema sentensi moja kwa siku, na siku za mvua huiahirisha. Ng'ombe na Nyoka wanapatana kama chungu na kifuniko chake, na mshenga aliyewaunganisha alijigamba kwa ndoa hiyo mpaka alipoingia kaburini.

Kwa sababu hizo zote, mifarishi ya maharusi ya kijiji kizima ilishonwa naye. Mfarishi wa harusi haushonwi na yeyote aliye na sindano. Anatakiwa mwanamke wa baraka kamili: mama yake awe hai, mume awe hai, na awe amezaa mtoto wa kiume na wa kike. Anapanda juu ya kitanda cha matofali, kikiwa kimepashwa moto vizuri, anatandaza pamba na kitambaa chekundu, anashona kwa uzi mwekundu mrefu usiotiwa fundo, na kwenye pembe anaficha kunazi na karanga. Tangu serikali ilipotuambia mtoto mmoja mmoja, wanawake wenye wote wawili wamekuwa adimu. Upande wetu walibaki Shangazi Luan na Bi Gai, na Bi Gai nitamfikia.

Sharti la mwisho ni kwamba mshonaji asiwe Chui milia. Mtu wa Chui haruhusiwi hata kuchungulia chumba cha maharusi, maana ataila raha yao kabla hawajaionja. Na akiwa Chui wa kike, ndiyo balaa lenyewe. Ni jasiri, haambiliki, anapenda kuamuru, na wazee wanasema humla mume. Wazazi wenye binti wa Chui huanza kumtafutia mchumba mapema na hukubali yeyote mwenye miguu miwili.

Mfarishi wangu mwenyewe ulishonwa na Shangazi Luan. Wenqi, binti yangu wa pekee, alipokuwa mdogo alishinda juu ya kitanda cha Shangazi nilipokuwa shambani, akicheza na kastabani yake, na Shangazi alimwahidi tangu hapo kwamba siku yake ikifika atamshonea mfarishi mzito kuliko yote. Pamba alianza kuichagua Wenqi alipochumbiwa tu, akitoa uchafu mmojammoja kwa vidole, kazi ya wiki na wiki. Harusi ilipangwa iwe baada ya mwaka mpya kuingia, mwezi wa pili.

Sasa nimlete mama yake Shangazi, Bibi Chi, mwenye umri wa miaka themanini na ushei. Yeye ni Joka, na Joka haombi radhi. Anaishi kwa mwanawe mwisho wa kijiji, anashonea ukoo mzima soli za kutia ndani ya viatu, zenye maua ya nyuzi, upende usipende. Na alikuwa na kichaa kimoja: kila baada ya miaka kadhaa humshonea bintiye soli nyekundu pyu, za kitambaa kinachochuja rangi. Mwaka kama huo soksi za Shangazi Luan zilining'inia kwenye kamba zikiwa za waridi. Nilimwuliza kama anatembea juu ya harusi ya nani. Alinijibu, "Mama kanipa, nitafanyaje?" Ndivyo alivyojibu kila jambo.

Nilimwona mwekundu zaidi pale tu mwaka wa Ng'ombe uliporudi. Mwaka wa mnyama wako ukirejea, baada ya ile miaka kumi na miwili, si wa kuchezea. Mikosi inakutafuta kwa jina, na ngao yako ni nguo nyekundu mwilini. Mwaka huo wa Ng'ombe, kama ilivyokuwa miaka yote ya Ng'ombe kabla yake, Shangazi alijifunga mkanda mwekundu na hakuuvua hata kwa kufuliwa, jambo ambalo sisi majirani tulilivumilia.

Ilikuwa vuli ya mwaka huohuo, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Bibi Chi, mambo yalipoharibika. Meza zilijaa, tambi ndefu zinagawiwa, na Shangazi Luan ndiye aliyeshika upawa. Mke wa mjukuu mmoja alikuwa mjamzito. Alianza kulia kwamba mtoto atazaliwa baada ya mwaka mpya, mwaka wa Chui, na akiwa wa kike je? Alikuwa anafikiria kumwomba daktari ampasue mapema, mtoto awahi mwaka wa Ng'ombe. Wanawake walimbembeleza, mmoja akamtajia hospitali. Bibi Chi alikwisha kunywa vikombe vyake viwili vya pombe kali. Akagonga meza kwa vijiti vyake.

"We binti, acha kulia kama unapeleka mtoto machinjioni. Mimi nimezaa Chui wa kike, na amepungukiwa nini? Si huyo anayekugawia tambi?"

Ulimi hauna mfupa. Sote tuligeuka tukamtazama Shangazi Luan, na upawa ukabaki hewani, unadondosha mchuzi kwenye kitambaa cha meza.

Bibi hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Alieleza yote, tena kwa majivuno. Binti yake alizaliwa asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka mpya, wa Chui, moshi wa fataki bado umetanda uani. Mkunga alikuwa shangazi yake Bibi mwenyewe; Bibi akamfunga mdomo kwa kapu la mayai, wakakubaliana kusema mtoto aliwahi, alizaliwa usiku wa kuamkia. Akatuuliza sisi tuliokuwa mezani nani kati yetu angekwenda kumposa Chui. Tukamtazama Mzee Cong, maana Nyoka na Chui, kwa wazee wetu, ni kisu na tupa, wanasagana mpaka mmoja aishe. Na hawa walikuwa wamelala kitanda kimoja maisha mazima.

Mzee Cong alimaliza kutafuna. "Ndiyo maana nyumba yetu haina panya," akasema. Hiyo ilikuwa sentensi yake ya siku hiyo.

Wiki iliyofuata kichochoro chetu kilifanya kazi kubwa ya kumbadilisha Shangazi Luan bila yeye kubadilika. Ile siku aliyomfukuza mwizi wa kuku kwa jembe, ambayo tulikuwa tukisema Ng'ombe mpole akikasirika mkimbie, sasa ilikuwa ushahidi wa Chui. Nywele zake nzito, Chui. Kupenda kwake nyama, Chui, ingawa sijaona nani kwetu haipendi. Mimi nilimwambia kila mtu kwamba nilijua siku nyingi, na mume wangu akanitazama akanyamaza, kwa kuwa Nguruwe ni mpole. Kisha walianza kuja wenye malalamiko. Mmoja aliyeachwa na mkewe alisema sasa ameelewa kwa nini. Mwingine alidai mkewe anakoroma tangu usiku wa kwanza chini ya mfarishi ule. Nilimdokeza Sui kwamba labda hata usingizi wake umetokana na mshono wa Chui. Alisema kama ni hivyo, nimfikishie shukrani.

Shangazi mwenyewe alijifungia siku chache. Kisha wifi yake akaja na gunia lake, kama ada. Nilikuwa uani kwangu nikachungulia, kwani mlango ulikuwa wazi na mimi nina macho. Nikamsikia Shangazi akisema, bila kupandisha sauti, kwamba mwaka huu hapana. Wifi alisimama pale akisubiri neno la pili, halikuja, akaondoka na gunia likiwa jepesi begani. Nilivuka haraka kwenda kuuliza.

"Nilijaribu tu, Mama Wenqi," aliniambia, na uso wake umeiva kama msichana. "Nilitaka kuona kama meno yapo."

"Yakawepo?"

"Kidogo."

Nilimcheka, naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikatamani tugombane, nione. Lakini kicheko hicho hakikudumu, kwa sababu ya mfarishi.

Mama Peng, mamake bwana harusi, alikuja kutoka mji wa jirani na kikapu cha matufaha makubwa. Alisifia chai yangu, alisifia mapazia, alimsifia Wenqi mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akasema yeye haamini mambo haya ya zamani. Watu wanaoanza hivyo ndio wa kuogopwa. Yeye haamini, ila mama mkwe wake anaamini, ila majirani watasema, ila Peng ni mtoto wake wa pekee, basi kama ingewezekana mfarishi ushonwe na mikono mingine, yeye angelala usingizi. Nilikuwa na majibu tayari, yamejipanga mdomoni kama askari. Nikamfikiria mwanangu, atakayekula kwenye meza ya mwanamke huyu kila sikukuu, nikayameza. Jogoo anawika, lakini mlango wa banda hafungui yeye.

Sikujua nitamwambiaje Shangazi Luan. Sikuhitaji. Kesho yake alivuka mwenyewe, amebeba ile pamba yote kwenye shuka safi, na uzi mwekundu, na kastabani juu yake. Kijiji kikubwa, masikio mengi.

"Mpe Gai," akasema. "Siku Wenqi akikwaruzana na mumewe, na watakwaruzana tu, sitaki anikumbuke mimi."

"Shangazi, ulimwahidi."

"Aliyeahidi ni Ng'ombe."

Aliniachia mzigo mikononi akarudi kwake. Niliumia, nasema wazi. Pamba ile ilikuwa laini na nyeupe, huoni hata kokwa, na niliibeba ndani nikiona haya kana kwamba nimemnyang'anya.

Mwaka wa Chui ukaingia kwa fataki. Taa za siku ya kumi na tano, zinazofunga sikukuu ya mwaka mpya, zilipozimwa, ikafika asubuhi ya kushona. Bi Gai akaja. Bi Gai ni Sungura, na Sungura, kwa mujibu wa wajuao, ni mwororo, mtulivu, mpenda amani. Huyu wetu alimrushia mumewe mfuniko wa karai mbele ya wageni, na nundu ya mumewe ilikaa mpaka wakati wa kupanda mahindi. Lakini mama yake yu hai, ana wa kiume na wa kike, na mwaka wake hauna makosa. Alipanda kitandani, akalamba uzi, akautia kwenye sindano, na kabla sijafumba jicho akaupiga fundo kubwa kama punje ya mahindi. Nilimkumbusha kwamba uzi wa harusi hautiwi fundo. Akasema usipotiwa utafumuka, kila mwenye akili anajua.

Mama Peng alikuwepo, amekaa kwenye kigoda, amefunga skafu yake nzuri ya hariri, anaona fundo lile na hasemi. Na mlangoni alisimama Shangazi Luan. Alikuwa ameleta kunazi za kutia pembeni, alizozikausha mwenyewe, akaniita nje nizipokee, maana hakutaka kuvuka kizingiti. Wenqi alimsihi aingie akanywe chai. Akakataa, lakini hakuondoka pia. Macho yake yalikuwa kwenye ile pamba.

Ndipo tuliposikia pikipiki ya matairi matatu ikizima kwenye kichochoro, na Bibi Chi akashushwa na mjukuu wake kama mzigo wa thamani. Alimpita bintiye mlangoni, akaingia, akasimama katikati ya chumba na fimbo yake.

"Nani anatangaza kwamba binti yangu ni Chui?"

Ikabidi niseme mimi. "Ni wewe, Bibi."

"Nilikuwa nimelewa. Alizaliwa usiku wa mwisho wa mwaka, fataki hazijawashwa. Ng'ombe mtupu."

Mama Peng alisogea mbele kwenye kigoda chake, akauliza kwa adabu sana kama Bibi ana hakika, maana ni zamani, na usiku kama ule watu wanachanganya saa.

"Wewe ulikuwepo?" Bibi akamgeukia. "Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimelala chali, lakini nilikuwepo."

Unambishia nini mtu kama huyo? Mkunga alikwisha kufa, mayai yaliliwa, na shahidi pekee ndiye huyo. Sote tulijua anadanganya, na yeye alijua kwamba tunajua. Mama Peng alikohoa kidogo akasema kwamba, basi, kama mama mzazi ndivyo asemavyo, yeye ni nani? Bi Gai hakungoja kubembelezwa. Alisema mgongo unamuuma tangu jana, akashuka na fundo lake.

"Panda," Bibi akamwambia bintiye.

Shangazi Luan akavuka kizingiti. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua viatu vyake vya kitambaa, akaviweka sakafuni kwa utaratibu wake uleule, na kupanda juu ya pamba. Na sisi sote tukaviona viatu.

Ndani yake mlikuwa na soli nyekundu pyu, mpya, zina maua ya nyuzi kila upande.

Mwaka wa Ng'ombe ulikuwa umeshakwisha. Mkanda ulikwisha kuwekwa sandukuni. Hakuna mtu kwetu anayejikinga kwa nyekundu katika mwaka usio wake, na mtoto yeyote pale angeweza kukuambia maana ya soli zile. Mimi nilikumbuka zile soksi za waridi kwenye kamba, na miaka niliyoziona, nikaihesabu kimoyomoyo, na kila mmoja ulikuwa wa Chui. Mwanamke huyu alimficha binti yake kwa watu wote, lakini hakuthubutu kumficha kwa mikosi. Kila mwaka wa Chui ulipozunguka alimkinga chini ya nyayo, mahali pasipotazamwa na mtu, na bintiye akatembea na kinga ile bila kujua, akianika soksi za waridi. Nilimtazama Bibi Chi. Alikuwa anaukagua ukuta wangu kama anayetaka kuununua. Nilimtazama Shangazi, amepiga magoti juu ya kitambaa chekundu, macho kwa mama yake. Sijui alielewa lini, siku ile au kabla. Mimi nililia, na sikujificha.

Nikasubiri Mama Peng aseme. Alikuwa amekaa karibu kabisa na viatu vile, na macho yake hayakuwa mabovu. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua skafu yake ya hariri shingoni, taratibu.

"Chumba hiki kina joto," akasema, akaiachia skafu ikaanguka juu ya viatu, ikavifunika vyote viwili. "Uzi mnao wa kutosha?"

Shangazi Luan alivuta uzi mwekundu, mrefu, usio na fundo, akautia sindanoni kwa mkupuo mmoja. Halafu akamtazama mkwe wetu, na sauti iliyotoka haikuwa ya Ng'ombe hata kidogo.

"Tunao. Na wewe usikae hapo kama mgeni. Vua viatu, panda, shika ile pembe uivute."

Mama Peng akavua viatu, akapanda.